Tunasafisha Flashi

Mimi sipendi kitu cha bure. Ukinipa papai bila kuniomba chochote, nitaligeuza pande zote nitafute palipooza kabla sijakushukuru. Wanangu hunicheka, waache wacheke. Kwa hiyo siku ile fundi wangu aliponiambia ana programu ya kompyuta isiyouzwa, isiyoibwa, na itakayoifufua mashine yangu iliyokufa, sikumuuliza inafanyaje kazi. Nilimuuliza, "Nani kakutuma?"

Duka langu lilikuwa Wandegeya, hapa Kampala, hatua chache tu kutoka geti la chuo kikuu, kati ya muuza chapati na saluni. Kompyuta tatu, printa mbili, mashine ya kutoa kopi na ile ya kutoboa karatasi kwa kujalidi. Wateja wangu walikuwa wanafunzi na tasnifu zao, au risachi kama wanavyoziita wenyewe. Nje nilitundika kibao: TUNACHAPA. TUNATOA KOPI. TUNAJALIDI. TUNASAFISHA FLASHI. Hilo la mwisho ndilo lililonipa jina.

Miaka ile flashi zilikuwa na ugonjwa. Mtu anachomeka flashi yake, anaifungua, na pale anapotarajia kukuta mafolda yake anakuta vialama vyenye vishale vidogo. Bofya mpaka kidole kiume, hakuna kinachofunguka. Virusi vilitoka flashi vikaingia kompyuta, vikatoka kompyuta vikaingia flashi ya mwingine, Wandegeya nzima. Dawa yetu ilikuwa moja: kufomati. Unafuta kila kitu, flashi inarudi tupu na safi. Nilikuwa nawaambia, "Mafaili yamekufa, mwanangu. Pole. Nikusafishie?" Wengine walilia, wengine waliapiza, lakini wote waliitikia kwa kichwa.

Dawa hiyo nilifundishwa na jamaa mmoja wa vibanda vya Nakivubo, katikati ya mji, aliyeniuzia CD ya ile programu ya kawaida iliyokuwa kwenye kila kompyuta ya mtaa wetu. CD yenyewe imeandikwa juu kwa kalamu ya wino, haina hata bahasha. Lakini nilitoa hela, nikapewa risiti yenye muhuri, nikaiweka kwenye faili. Basi huyo nikamwamini. Mtu aliyekutolea risiti, utamshuku nini?

Labda nieleze nilikotoka na jicho langu la pembeni. Kwetu nyumbani tulizungumza Kiswahili tangu babu zetu walipofika na biashara kutoka pwani wakaoa na kubaki. Kampala nzima Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na ya mtu anayetaka saa yako ya mkononi. Hata baada ya vita kwisha mwaka wa themanini na sita, mama alikuwa akinifinya tukiwa soko la Owino kila nikipaza sauti, maana ukisema "njoo hapa" kwa Kiswahili wanawake wanashika vikapu vyao. Nimekua nikitazamwa hivyo, na mimi nikajifunza kutazama watu hivyohivyo.

Fundi alikuwa Mkongomani, mkimbizi kutoka upande wa Bukavu, mtu mzima wa makamo, mwimbaji wa kwaya. Nilimpa kona ya duka atengenezee simu na redio, naye akawa ananitazamia printa zangu. Mpole, mpole kupita kiasi, na mimi mtu mpole kupita kiasi hunitia mashaka.

"Mama, hakuna mutu alinituma," alinijibu siku ile. "Hii inaitwa Linux. Iko bure kwa watu yote."

"Na walioitengeneza wanakula nini?"

"Wengine iko na kazi zao. Wengine wanalipwa na makampuni. Wanaandika, wanaweka wazi, kila mutu anaona namna imetengenezwa, anatengeneza zaidi."

"Fundi, mimi sijaona mtu akapika sufuria ya biriani, akaitoa barazani, akaenda zake."

"Sisi kanisani tunafanya kila Krismasi."

"Ndiyo, na mnaanza kwa kuwahubiria."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka.

Kesho yake akaja na CD tatu. Hakuzisifu zote, hilo namkubalia. Ya kwanza aliiweka kando mwenyewe, akasema hiyo ni ya wanaojua, mgeni akiingia humo atatoka analia. Ya pili, Ubuntu, ilikuwa nzuri ila nzito kwa mashine kongwe kama yangu. Ya tatu iliitwa Mint, na hiyo alikuwa ameichagua katika umbo lake jepesi. "Hii njo ya kuanzia, Mama. Menyu iko chini kwenye kona, kama ile umezoea. Hautapotea." ("Njo" yao ni "ndiyo" yetu.) Tena akasema ninaweza kuionja kwanza kutoka kwenye CD, bila kugusa kitu ndani ya kompyuta; nikiichoka naitoa, na mashine inabaki ilivyokuwa.

Hapo ndipo aliponiharibia kabisa. Kitu kinachoingia, kinatembea, kinatoka, hakiachi hata alama ya kidole! Mwizi anafanyaje kazi yake, kama si hivyo?

Na nilikuwa na sababu ya kuogopa wizi. Wandegeya kulikuwa na watu wanaouza tasnifu za wengine. Mwanafunzi anachapisha kazi yake kwenye duka fulani, mwezi unaofuata anaikuta ina jina la mtu mwingine kwenye jalada. Mimi nilijulikana kwamba kwangu hakinakiliwi kitu bila mwenyewe kujua. Nikiukosa uaminifu huo sina duka, nina chumba chenye mashine tu. Kwa hiyo nilipomtazama fundi na CD yake ya bure, nilichokiona ni tundu limetobolewa ukutani mwangu.

Nilikubali kwa ubishi, nimkamate. Nikampa ile kompyuta iliyokufa, nikasema, "Hiyo ni maiti, fanya utakalo. Lakini nataka risiti." Akaniangalia. "Risiti ya bure, Mama?" Nikamwambia ndiyo, ya hiyohiyo bure. Akachukua karatasi akaandika kwamba amempa Mama programu, bei sifuri, akatia sahihi. Muhuri niligonga mwenyewe, wa duka langu.

Mashine ikaamka. Iliamka haraka kuliko zile mbili nzima, na hilo nalo sikulipenda. Niliifunika kanga, nikawaambia wateja ni mbovu. Kila mara fundi alipoikaribia nilichomoa waya wa intaneti, nikajifanya naufuta vumbi. Nikamtegea na flashi: nikaandika juu yake SIRI, nikaiacha kando ya kiti chake, ndani nimeweka faili lenye mapishi ya mandazi. Wiki ya kwanza hakuigusa. Ya pili akaniletea mkononi, akasema, "Mama, umeangusha kitu yako." Unadhani nilitulia? Wapi! Nikajiambia mtu wa kawaida angechungulia. Asiyechungulia ana mpango mkubwa zaidi.

Basi ikafika Ijumaa moja. Saa tatu asubuhi akaingia mama mmoja amevaa sare ya uuguzi, anahema. Musawo, ndivyo tunavyowaita hapa wauguzi na madaktari. Alikuwa Muganda, ila amelelewa kwenye kambi ya polisi, kwa hiyo tulielewana bila shida. Alikuwa anasomea digrii huku anafanya kazi wodini, na ilikuwa siku yake ya mwisho kuwasilisha tasnifu.

"Maama, kopi tatu," alisema, akanipa flashi imeviringishwa kwenye karatasi. "Printi ile iko na ukurasa ya shukrani, hiyo ndiyo ya mwisho, nimeandika jana. Narudi saa kumi. Saa kumi na moja ofisi inafunga, na wakifunga, mimi nangoja mwaka nyingine."

"Nenda zako kazini, Musawo. Umefika."

Akaondoka mbio. Nikachomeka flashi kwenye kompyuta yangu ya kawaida. Vishale. Nikasonya. Sasa sikilizeni, maana hapa sina cha kujitetea: mkono wangu ulikwenda wenyewe. Bofya, fomati, ndiyo. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi mpaka sikuona tena kama ni jambo la kuuliza. Nilijiambia ataleta kopi nyingine, kila mtu ana kopi nyingine mahali fulani. Nikaikunjua ile karatasi nione anataka jalada la rangi gani. Buluu. Na chini ya buluu ameandika: "Tafadhali Maama, hii flashi ni moja tu. Laptopu yangu waliiba wiki jana."

Mtume! Nikaisoma tena, neno kwa neno.

Na unajua nilimtafuta nani kwanza? Fundi. "Wewe! Umeniingizia nini humu? Tangu ulete programu zako za bure duka langu lina mkosi!" Akainuka na bisibisi mkononi, akatazama kioo cha kompyuta, akatazama flashi.

"Mama, umefomati?"

"Imekuja imekufa!"

"Haikukufa." Alisema polepole, kama anamwamsha mgonjwa. "Virusi haikuua kitu. Inaficha mafolda, inaweka kingine mbele ya mulango. Kwa hii kompyuta hauone. Kwa ile ya Linux, ungeona yote."

"Yote?"

"Yote, Mama. Siku yote iko ndani."

Lile neno, siku yote, ambalo kwao ni kusema siku zote, nililisikia vizuri sana, nikaliacha lipite. Nilikuwa na Musawo wa kumwokoa. Fundi alikuwa ameshachomoa flashi. "Usiandike kitu ndani tena," alisema. "Ukiandika juu yake, njo itakufa kweli." Akaenda kwenye ile mashine niliyoiita maiti, akaondoa kanga, akaikunja vizuri akaiweka kwenye kiti. Akafungua programu nyingine tena, ya kufukua mafaili yaliyofutwa.

"Na hiyo kaiandika nani?" Wallahi niliuliza hivyo, hata wakati ule.

"Mutu moja wa mbali. Simujui."

"Humjui! Humjui halafu unampa kazi ya mteja wangu!"

"Na yule wa Nakivubo alikuuzia CD, Mama, unamujua?"

Nilikuwa na risiti yake. Lakini niliwahi kurudi pale kumuuliza jambo, nikakuta kibanda kinauza viatu, na hakuna jirani aliyewahi kumsikia. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwambia fundi haya, fufua.

Mstari ukawa unatembea kwenye kioo pole kama konokono. Ulipofika mwisho tulikuwa na mamia ya mafaili, na hakuna hata moja lenye jina. Majina yalikuwa yamepotea yote, yamebaki mafungu ya tarakimu. Tasnifu ilikuwa humo, au haikuwamo; namna ya kujua ilikuwa kufungua moja moja. Nikangoja fundi aketi aanze. Hakuketi. Akanivutia kiti.

"Keti weye. Haya ni mambo ya mutu. Mimi sitaki kusoma."

Akarudi kwenye kona yake akanipa mgongo, akaendelea na redio ya watu. Niliutazama ule mgongo nikitafuta ujanja ndani yake. Kisha nikaanza kufungua.

Nilisoma maisha ya yule mama bila ruhusa yake. Barua za kuomba kazi. Picha za watoto siku ya komunyo. Ratiba za zamu. Barua kwa mwenye nyumba, ya adabu, akiomba bomba litengenezwe, na nyingine isiyo na adabu. Sura ya pili ya tasnifu niliikuta mara saba, kila moja tofauti kidogo na mwenzake. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikaswali palepale nyuma ya kabati, nikarudi. Mteja akija namfukuza. Muuza chapati aliniletea chai, ikapoa. Nilikuwa naomba, na sioni aibu kusema, nilimwomba Mungu faili.

Saa nane na nusu nikafungua moja refu, nikashuka hadi ukurasa wa tatu, nikakuta neno Shukrani. Anamshukuru Mungu, anamshukuru mama yake anayeuza mboga, anawashukuru wagonjwa waliokubali kuulizwa maswali wakiwa na maumivu. Nikapiga ukelele mpaka saluni wakaja kuchungulia.

Haikuwa tayari, usidhani. Ilikuwa imefunguka kwenye programu ya kuandikia ambayo mimi sijawahi kuigusa, ile iliyokuja na Linux, na huko ikawa imepandisha hapa na kushusha pale. Jedwali la sura ya nne lilikuwa limetoka nje ya ukurasa kama nguo inayoning'inia dirishani, na orodha ya yaliyomo ilisema sura ya tano iko mahali ambapo haipo. Nikaanza kazi kwa hasira. Nikitafuta kitufe, nakikuta karibu na pale nilipokizoea. Nilipokwama nilimwita fundi, akanielekeza kwa mdomo, hata kipanya hakukigusa. Nilipobonyeza kuchapa nikamwambia alete CD ya printa, ile ya kuitambulisha kwa kompyuta. "Haina lazima," alisema, na printa ikaanza kutema karatasi. Nikaikazia macho printa yangu mwenyewe.

Saa kumi kasoro dakika chache, kopi tatu zilikuwa mezani, zimejalidiwa, jalada la buluu. Nikamgeukia fundi. "Utamwambia?"

"Mimi? Hiyo iko mambo yako, Mama."

Nikashuku tena, nikadhani anataka kuniweka mkononi, siku moja aje anidai. Leo nikikumbuka natamani kujipiga kofi.

Musawo aliingia, akaziona kopi, akapiga makofi. "Bannange, jamani! Asante, Maama, asante!" Alikuwa na furaha, akaanza kuzitia kwenye mfuko hata bila kuzifungua. "Unajua mimi niliogopa? Mwenzangu wa wodi alileta ya kwake hapa mwaka jana. Mrefu, ana miwani, hukumbuki? Wewe ulimwambia flashi imekufa. Alilia, akaacha kusoma kabisa. Nikasema lakini hapana, Maama wa Wandegeya hawezi kudanganya, kama imekufa imekufa. Sasa nitamwambia ya kwangu ilipona."

Sikumkumbuka huyo wa miwani. Nilijaribu, Mungu anajua, nikapekua nyuso, na walionijia walikuwa wengi, wanaume kwa wanawake, wote wamenyoosha mkono nikiwarudishia flashi safi. Siku yote iko ndani. Ningeweza kusema alhamdulillahi, akaenda zake, na fundi asingefungua kinywa.

"Haikuwa imekufa," nikasema.

"Nini?"

"Ya mwenzako. Ilikuwa nzima. Niliifuta mimi, kwa ujinga. Na yako nimeifuta leo asubuhi, kabla sijasoma karatasi yako. Aliyeipata ni huyu fundi."

Nilitegemea atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, ningeshukuru. Alizitoa kopi kwenye mfuko, akavuta kigoda, akaketi katikati ya duka langu, akafungua ya kwanza ukurasa wa kwanza. Akalowesha kidole. Akafunua. Akafunua tena.

"Musawo, ofisi itafungwa."

"Najua."

Alipitia kila ukurasa, namba kwa namba, jedwali kwa jedwali. Alipomaliza ya kwanza akachukua ya pili. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, mikono sijui niiweke wapi, na sikuwa na uso wa kumwambia aniamini. Alipofika katikati ya kopi ya tatu zilikuwa zimebaki dakika kumi. Akainua macho, akamgeukia fundi, si mimi, akamwita bwana kwa Kiganda.

"Ssebo, iko yote?"

"Iko yote, Musawo," fundi akasema.

Hapo akazifunga, akazikumbatia, akatoka mbio kuelekea geti la chuo.